Na Mimi Ningekuwa Nani?

5 Agosti

Wifi yangu,

Salamu kutoka jikoni kwangu, unga mpaka kwenye nyusi. Binti yako hajambo. Mashavu yamejaa kidogo, usinilaumu, huwezi kukaa nyumba ya mwoka mikate ukatoka ulivyoingia. Mimi mwenyewe ni shahidi, niulize sketi zangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe halifai simu. Na simu yako wewe, mtu hajamaliza salamu umeshasema, "Haya wifi, baadaye." Baadaye yenyewe haijawahi kufika.

Juzi binti yako, huyo Hakimu wetu, alinikuta nakanda. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayekuja kusoma hukumu. Akasema, "Shangazi, nimefikiri. Shule zikifunguliwa nataka nibaki hapa kwako." Nikadhani utani. Nikamwuliza, "Na mama yako?" Akasema, "Mama ana kazi nyingi. Nitampunguzia."

Wifi, nimekwenda kuuliza shule ya hapa mtaani. Nafasi ipo. Chumba kipo, unakijua. Kaka yangu nimempigia huko barabarani na lori lake, kasema neno la mwisho ni la mama mtu. Basi sema. Wewe kutwa unashona maturubai, ukirudi mapacha wamekwisha kupindua nyumba juu chini. Mtoto huyu ana miaka tisa lakini alivyofika hapa alikuwa anapumua kama mtu wa arobaini. Sasa analala mpaka jua linamchoma usoni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi nafasi ya kulea ninayo. Niachie.

Mwalimu anataka kujua kabla mwezi haujaisha.

Wifi yako,
Mama Mikate

*

7 Agosti

Mama Mikate,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Jibu ni hapana.

Sasa ngoja nipumue niandike kama mtu mwenye adabu. Wifi, mtoto si sufuria, kwamba nimekuazima, umeiona inapika vizuri, unaomba ibaki. Nimekupa likizo moja. Na hiyo methali yako ya kuzaa na kulea ungenipa nikiwa nimeshiba usingizi, ningekujibu vizuri zaidi. Kwa leo nakujibu hivi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njoo uubebe kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu, Radi mgongoni na pacha wake Ngurumo kaning'inia kwenye shingo, ndipo tuongee malezi.

Nimelia, siyo siri. Nimelia kidogo tu kwa sababu mapacha walikuwa wanaangalia na Radi akaanza kunipangusa kwa soksi.

Lakini nikajiuliza jambo moja. Hakimu nikimrudisha kwa nguvu nitakuwa nimerudisha nini? Nitarudisha begi lake. Mwenyewe atabaki huko kwako huku anakula chakula changu. Kwa hiyo nakuomba mwezi huu. Kabla shule hazijafunguliwa aje aone kwao, kisha aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akisema kwako, nitafunga mdomo nimfungashie nguo, na sweta nitamwekea. Akisema hapa, wewe utafunga mdomo. Na usimnunulie vitu vya kumvutia, nakujua.

Mpe na hiki kikaratasi. Nimemwuliza sababu, basi. Sijamkaripia.

Wifi yako asiye na hasira (sana),
Mama Mapacha

*

10 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo. Shangazi hajambo. Paka wa shangazi hajambo.

Umeniuliza kwa nini. Sijakasirika. Nyumbani kwetu siku hizi kuna neno moja tu, haraka. Amka haraka, kula haraka, lala haraka. Ngurumo alipojifunza kusema, alisema mama, kisha baba, kisha haraka. Siyo mzaha, wewe mwenyewe ulikuwepo.

Zamani baba alipokuwa na lori dogo la hapa mjini tulikuwa tunafanya mambo Jumapili. Tulikwenda kwenye kile kilima cha mchanga nyuma ya kiwanda cha matofali tukateleza, na wewe ulivua viatu ukateleza ukapiga kelele kuliko mimi. Siku hizi Jumapili tunafua.

Usinipigie simu, kwenye simu unasema haraka. Niandikie.

Binti yako,
Hakimu

Nimesahau. Dawa ya masikio ya Ngurumo iko nyuma ya kopo la sukari, asipewe na maziwa atatapika. Radi halali mpaka akunwe mgongo, upande wa kushoto. Sabuni iwekwe juu kwa sababu wanaila. Kiatu cha Radi cha kulia kamba yake inafunguka, ifungwe mara mbili.

*

13 Agosti

Hakimu wangu,

Marahaba mwanangu. Salimia paka.

Barua yako nimeielewa. Umesema kwetu raha imekwisha, na hujasema uongo. Basi nikajipiga kifua. Nikasema Jumapili hii hakuna kufua, nguo zitajijua zenyewe. Ngoja nikueleze tulivyofanya, halafu utoe hukumu.

Nilipanga tuondoke asubuhi twende kwenye kile kilima cha mchanga. Nilipanga kama ninavyopanga kazi: saa fulani chai, saa fulani viatu, saa fulani mlango kufungwa. Saa ya viatu Radi alikuwa na kimoja. Cha pili tulikikuta ndani ya ndoo ya maji, Ngurumo kasema kilikuwa na kiu. Tukaenda kiatu kinalia kwata kwata kwata njia nzima.

Kufika, kiwanda kimezungushiwa uzio. Kilima kipo, kinatucheka upande wa pili. Kabla sijasema lolote ndugu zako wamepita chini ya waya kama panya. Akatoka mlinzi na filimbi. Akaniuliza, "Mama, hawa wako?" Mwanangu, nilitamani kusema siwajui. Nikasema wangu. Akasema, "Basi waite." Nikaita. Wakapanda juu zaidi. Nikaita kwa ile sauti yangu, unaijua, mpaka mlinzi mwenyewe akarudi nyuma hatua.

Walishuka wamejaa mchanga puani. Kurudi nyumbani nilikuwa nawaburuta, "Haraka, haraka," ndipo nikajisikia. Nimekwenda kwenye raha na nimebeba haraka yangu mkobani.

Tulipofika tukafua.

Hukumu yako?

Mama yako

*

16 Agosti

Wifi,

Nimemsomea binti yako barua kwa sauti, yeye kakaa juu ya gunia la unga. Pale kwenye kiatu chenye kiu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, nikampa maji, akacheka na maji yakatoka puani. Wateja wamesimama dirishani wanauliza kuna nini, mikate inauzwa au haiuzwi.

Lakini usijipe matumaini. Kucheka si kurudi. Nilimwuliza hukumu, kasema: "Mama amekosea. Alikwenda mahali pa zamani." Basi, akaenda kuoga. Mtoto huyo ni wa kaka yangu kabisa, neno moja kisha gari linaondoka.

Na mwalimu nimemwambia asubiri. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, wifi, na mimi nipo hapa kila asubuhi akifumbua macho. Sisemi kwa ubaya. Nakukumbusha tu.

Mama Mikate

*

19 Agosti

Hakimu wangu,

Hukumu yako nimeipokea. Mahali pa zamani hatuendi tena. Na safari hii mahali papya pamenijia penyewe, kwa njia ya aibu.

Unajua pale karakana tunashona mahema madogo ya kupigia kambi, yale ya watu wawili, yasiyo na sakafu. Jumamosi nilikuwa nashona, kichwa kiko kwako. Nafikiria neno lako, mahali pa zamani, mahali pa zamani, na cherehani inakwenda. Nikashona kuta zote, mshono wa mara mbili, nikapaka nta, nikapeleka mbele, nikajivuna.

Msimamizi akalisimamisha. Akalizunguka. Akalizunguka tena, anapapasa kuta kama mtu aliyezimikiwa na taa. Kisha akaniita, "Mama Mapacha." Nikaitika, "Naam." Akasema, "Mteja ataingilia wapi?"

Mwanangu, nilishona hema bila mlango. Zipu ilikuwa mapajani mwangu.

Karakana nzima ililala chini kwa kicheko. Mmoja anasema hilo ni la mizimu, wao hawahitaji mlango. Mwingine anasema hapana, mteja anatangulia kukaa ndipo anashonewa humo humo. Kulifumua haiwezekani, matundu ya sindano yangevuja. Msimamizi akasema, "Lichukue, lisilale hapa hata siku moja, wateja wasije wakaliona."

Nikalibeba. Jumapili nikalisimamisha uani ili nilikate mlango. Nimeshika mkasi, Radi akapiga kelele, "Usikate!" Akainua ukingo wa chini, akajipenyeza kwa tumbo, akapotea. Ngurumo nyuma yake. Nikabaki nje na mkasi wangu nasikia watu wanacheka ndani ya nyumba isiyo na mlango.

Wakatangaza kwamba humo ni nchi. Radi ni rais. Ngurumo ni rais pia, wanapokezana, anayepiga chafya anaanguka madarakani. Asiyeweza kutambaa si raia.

Basi mama yako akaomba uraia. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Hapo kwenye makalio, mwanangu, mpaka ukafungwa. Ndani marais wananivuta mikono, nje miguu yangu inapiga teke hewani. Ndipo fundi viatu jirani akapita na kusimama. Nasikia anauliza kwa upole kabisa, "Mama Mapacha, unatoka au unaingia?" Nikasema, "Naomba unisukume au uende zako." Akaenda zake. Nasikia mpaka kwake anacheka.

Mwishowe niliingia. Na Hakimu, humo ndani kuna mwanga wa kijani kama uko ndani ya jani. Hakuna vyombo, hakuna nguo, hakuna Msimamizi. Nililala chali. Marais wakalala juu yangu. Nikawasimulia kuhusu samaki aliyeajiriwa kuendesha baiskeli, sijui nilimtoa wapi, na wakanikataza kumaliza. Mchana wote umekwenda humo. Tulikula humo. Sikusema lile neno hata mara moja.

Nasema nilishinda, na sijali nani anacheka.

Nchi inakungoja. Na nafasi yako nimeshaifikiria: utakuwa mlinzi wa mpaka. Utakaa pale penye ukingo uwaangalie mapacha wasitoroke wakati mimi nasimulia, maana wewe ndiye wanayekusikiliza.

Mama yako, raia

*

22 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale kwenye makalio nilicheka na shangazi alicheka mpaka mkate mmoja ukaungua.

Halafu nikafikiri.

Radi ni rais. Ngurumo ni rais. Wewe ni raia na umelala chali. Mimi ni mlinzi. Mlinzi anakaa nje.

Kule kwenye kilima cha mchanga zamani, kabla mapacha hawajazaliwa, mimi nilikuwa yule anayeteleza. Sasa kila tukienda mahali mimi ni wa kushika. Nashika mkono wa Radi. Nashika begi. Nashika viatu vyao wakivua. Tukienda kwenye bembea mimi nasukuma. Watu wananiambia dada mkubwa hongera. Sitaki hongera.

Hapa kwa shangazi sishiki kitu. Siku ya kwanza nilikuwa najisikia kama nimesahau kitu mahali, nikawa natafuta, kisha nikajua ni mapacha.

Mimi nawapenda. Ngurumo nampenda zaidi kidogo lakini usimwambie Radi.

Hema ni zuri sana. Ninalitaka. Lakini nauliza, nikija kwenye mchezo huo, na mimi ningekuwa nani?

Hakimu

*

25 Agosti

Mwanangu,

Barua yako niliisoma kazini. Nilibaki nimekanyaga cherehani inakimbia bila kitambaa, mpaka Msimamizi akauliza nashona upepo wa nani.

Mimi nilidhani umekwenda kwa shangazi kutafuta raha. Nikahangaika kuitengeneza raha hapa, nikuonyeshe kwamba na sisi tunayo. Kumbe raha ilikuwa inapita mbele yako kila siku, na wewe umeshika viatu vya watu.

Na uliniambia tangu mwanzo. Mtoto wa miaka tisa yuko likizo, ananikumbusha dawa ya masikio, na mgongo upande wa kushoto, na kamba ya kiatu. Nilisoma nikasema, jamani, huyu mtoto ana upendo. Sikuona kwamba ni mfanyakazi anakabidhi zamu.

Sasa sikiliza. Dawa imetoka nyuma ya sukari iko juu ya kabati langu, anayeitoa ni mimi. Sabuni hawali tena, Ngurumo alipata ile ya kufulia akajifunza. Radi anajifunga kiatu. Anachukua muda ambao mtu angeoka mkate, lakini anajifunga, na ninasubiri. Kila mmoja anabeba begi lake, likimshinda analiburuta. Msimamizi nimemwambia Jumamosi siji tena. Alinuna. Akasema, "Na kazi je?" Nikamwambia mahema yana watu wengi wa kuyashona, mlango naweza kuusahau nikichoka, na nimechoka. Akaniangalia, akaangalia ile pembe niliyolitolea hema la aibu, akasema sawa. Tutabana matumizi kidogo, usiumize kichwa, hilo nalo ni langu.

Unauliza ungekuwa nani. Sijui, mwanangu. Utaamua wewe. Ukitaka uwe rais, pigana nao. Ukitaka uwe simba, uwe simba. Ukitaka ukae pembeni usome kitabu, kaa. Kazi ya kushika ni ya yule aliyewazaa, naye ni mimi. Baba yako akirudi, ni yake na yangu.

Lakini sijalewa. Sahani yako utaosha zamu yako ikifika, na kitanda utatandika. Kuwa mtoto si kuwa mgeni.

Shangazi kaniambia rafiki yake yule nesi anakuja huku Jumamosi kumwona mama yake, anarudi Jumatatu. Njoo naye. Tazama kwa macho yako. Jumatatu utasema. Ukisema unarudi kwa shangazi, nitakukumbatia hapo hapo na nitakusindikiza kituoni, na hutaniona nimenuna. Nitanuna baadaye.

Mama yako

*

28 Agosti

Wifi,

Mtoto anakuja Jumamosi na nesi. Nilimwambia afungashe. Akachagua begi dogo. Nikafurahi, nikakuonea huruma papo hapo, maana begi dogo ni la mtu anayerudi.

Kuna jambo sikukuambia. Siku zile za kwanza alikuwa akiamka tu anauliza, "Ngurumo amekunywa dawa?" Nikimwambia mama yake yupo, anauliza tena. Nilidhani ni mapenzi ya ndugu. Nikakuficha ili usije ukasema, si unaona, amewakumbuka, mrudishe. Barua yake ya juzi ndiyo iliyonifumbua macho na mimi, maana aliniomba nimsahihishie herufi.

Sikuwa najua nyumba hii ina ukimya kiasi gani mpaka alipoanza kucheka humu. Basi, nimesema.

Nafasi ya shule bado ipo. Jumatatu nitamngoja nesi kituoni. Akishuka na mtoto, usinichukie. Akishuka peke yake, mimi ni mtu mzima, nitajikaza.

Nimewawekea keki. Msimpe Radi aibebe.

Mama Mikate

*

2 Septemba

Wifi yangu,

Nesi ameshuka peke yake, umeshaona, kwa hiyo nisikuzungushe. Tafuta mahali ukae, kwenye gunia la unga au popote, nikueleze ilivyokuwa. Naandika upesi upesi nesi hajafika kuichukua barua hii, lakini sitaacha kitu.

Keki alibeba Radi. Imefika, lakini huwezi kuiita keki.

Jumamosi Hakimu alipita chumba kwa chumba kama mkaguzi. Akainua kopo la sukari, akaangalia nyuma yake. Hakuna dawa. Akalirudisha mahali pake. Mchana Radi akamjia na kiatu mkononi, akamnyooshea mguu kama alivyozoea. Nikaita kutoka jikoni, "Radi, mguu ni wako, kamba ni yako." Wifi, Radi alilia kama aliyefiwa. Ngurumo akalia kwa kumsindikiza. Hakimu kasimama katikati, mkono umeshafika nusu ya njia kwenda kwenye kile kiatu. Nikamwangalia. Akaurudisha. Kulikuwa na kelele ndani ya nyumba ile, majirani wangesema tunachinjana, lakini kiatu kilifungwa na mwenyewe. Kilifungwa vibaya. Kilifungwa.

Hema hakuligusa siku hiyo. Alilizunguka tu.

Jumapili nikamwuliza, "Twende wapi?" Akafikiri, akasema anataka kujua mfereji unaopita nyuma ya nyumba yetu unaanzia wapi. Wifi, nimekaa hapa miaka, nimeteka, nimemwaga, nimeufokea ukijaa, sijawahi kujiuliza unaanzia wapi. Nikasema twende. Hatukubeba saa.

Tulipotoka tu getini akafanya lile analofanya bila kujua: mkono huu Radi, mkono huu Ngurumo. Nikasimama. Nikamtoa vidole kimoja kimoja. Nikasema, "Leo hawa ni wangu." Akabaki amesimama, mikono imening'inia, kama mtu aliyeshuka basi akagundua ameacha mzigo. Akaniuliza, "Na begi?" Nikasema, "Langu." Akasema, "Sasa mimi nishike nini?" Nikasema, "Hakuna kitu."

Mwanzo alitembea pembeni yetu kama mgeni. Kila hatua anageuka kuwatazama, mimi najifanya simwoni. Ngurumo akaanguka, Hakimu akaruka, nikasema, "Nipo." Akaanguka tena, akatazama tu. Akaanguka mara nyingine, wala hakugeuka.

Kisha akawa mbele yetu kidogo. Kisha mbele zaidi. Mfereji unapanda kule kwenye mteremko wenye nyasi, na pale, wifi, nikamwona anaanza kwenda mchakamchaka. Akavua kandambili, akazitupa. Akakimbia. Sijamwona mtoto yule akikimbia tangu mapacha wazaliwe. Nilidhani hajui tena. Miguu imerefuka lini? Na mimi huku nyuma, Radi mgongoni, Ngurumo nimemkumbatia kama mtungi, begi kwenye meno, jasho linaingia machoni, nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo alivyokuwa anatembea yeye.

Akafika juu. Akapiga kelele, "Nimeona! Nimeona maji yanapotokea!" Nikamwuliza kwa sauti yanatokea wapi. Akajibu, "Sisemi! Njooni mwone wenyewe!"

Tulivyofika, nusu nimekufa, tukakuta kuna nyumba ya pampu, na maji yanayozidi yanamwagwa kwa bomba nene kwenye bwawa dogo la mawe, ndiyo yanateremka kwetu. Na Hakimu yuko chini ya lile bomba na nguo zake zote. Zile nzuri, ulizomshoneshea. Mdomo ukanifunguka wenyewe niseme nguo. Nikaumeza ulimi. Nikawashusha mapacha, nikavua viatu, nikaingia na sketi yangu.

Akatoka mlinzi wa pampu. Nikajua tayari, tunafukuzwa. Akatutazama, akauliza, "Mna sabuni, au niwaletee?" Hakimu alicheka mpaka akakaa chini ndani ya maji.

Tumerudi jioni tumelowa, mtaa mzima unatutazama, Radi anawapungia watu mkono kama rais kweli. Fundi viatu akauliza kama tumeokolewa. Hakimu akamwambia, "Hapana, tumegundua chanzo." Akatembea mbele, kichwa juu, na kandambili zake kazibeba mwenyewe.

Kwenye chakula sikumwuliza. Niliapa sitamwuliza. Nikahudumia, nikaongea habari za chumvi. Akala mpaka akamaliza, zamu ilikuwa yake, akaosha sahani. Akiwa ananipa mgongo akasema, "Mama, mwambie nesi asinipitie."

Nikasema sawa. Nikatoka uani nikajifanya naanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba, wifi. Nilizunguka ile kamba, nikaipiga kofi, nikacheza peke yangu bila ngoma, na fundi viatu aliona, na aone.

Nimeshinda, wifi, wacha nijisifu leo tu. Kesho nitakuwa nimechoka tena. Lakini nakwambia na hili, nalo ulimeze: bila wewe nisingejua. Wewe ndiye uliyemwacha alale mpaka jua limchome, ndipo akaamka akajua anadai nini. Nimekasirika ulivyonificha, na nakushukuru. Vyote viwili vinakaa kwenye moyo mmoja, sijui vinapangaje.

Usijikaze peke yako humo ndani. Funga tanuri Jumapili moja uje. Watu wa mtaa wako watakula mkate wa jana, hawatakufa. Utatambaa kama wengine, na makalio yako nayajua, tutakusukuma.

Hakimu kaamka, anataka kuandika mwenyewe hapa chini.

Wifi yako,
Mama Watatu

Shangazi,

Shikamoo. Nimeamua kubaki nyumbani. Siyo kwa sababu kwako ni kubaya. Kwako ni kuzuri. Usilie kwenye unga.

Likizo ijayo ninakuja, kile kitanda usimpe mtu, hata paka. Na mapacha nitawaleta uwaone walivyokua.

Hapana. Nimekosea. Mapacha ataleta mama.

Mimi nitakuja.

Hakimu